Keshia anaskani, skana inalia, bidhaa haiingii kwenye risiti. Fokasi inaenda wapi?

FundiWaKaunta (Umoja, Nairobi)

Wadau, hamjambo. Nimekuja na aibu yangu hadharani kwa sababu nimeshindwa peke yangu.

Nina mteja mwenye duka la kujihudumia huku Umoja, si kubwa, kaunta mbili na rafu saba. Programu ya mauzo nilimwandikia mwenyewe kwa Java Swing (zana za Java za kutengeneza madirisha na vitufe), sasa ni mwaka wa tatu. Kila mwisho wa mwezi tukihesabu stoo tunakuta upungufu. Si vitu vya bei: sabuni ya kipande, unga wa kilo mbili, maziwa ya pakiti, viberiti. Mwenye duka ameanza kuwatazama makeshia kwa jicho baya. Mmoja alikuwa karibu kuachishwa kazi wiki jana, nikaomba nipewe siku chache kwanza, maana yule dada namjua na roho yangu imekataa kuamini.

Makeshia wote wawili wanasema neno moja: "Mimi niliskani, ikalia."

Kuna kisa kingine, labda kina undugu na hicho, labda hakina. Juzi mteja alikuwa keshaambiwa jumla, keshia kishabonyeza F8 kwenda kwenye kisanduku cha PESA TASLIMU, mteja akasema, "Ngoja niongeze maziwa." Keshia akaskani pakiti. Namba yote ikaingia kwenye kisanduku cha pesa, Enter ikafuata. Risiti ikatoka ikisema mteja amelipa shilingi trilioni sita na ushei, na chenji yake ni trilioni sita na ushei vilevile. Akaomba chenji. Foleni nzima ilicheka, mimi sikucheka.

Nianzie wapi?

Kijana_wa_Kayole

Trilioni sita inapita bajeti nzima ya serikali. Ulimpa chenji kwa awamu?

MzeeWaLuthuli

Fundi, pole. Hicho kisa cha pili ndicho rahisi, tuanze nacho.

Mimi nauza hizo skana Luthuli Avenue na kila siku namweleza mtu jambo lilelile: kwa kompyuta, skana ya USB uliyonunua ni kibodi. Sisemi kwa mfano. Windows inaiona kama kibodi ya pili iliyochomekwa. Ukiskani pakiti ya maziwa, ni kama mtu amekaa pale akachapa tarakimu 13 kwa kasi ya ajabu, kisha akagonga Enter. Haijui bidhaa, haijui programu yako, wala haijui kisanduku gani ni cha nini. Fungua Notepad uskani chochote kilicho mezani, utaona. Bakodi zinazosajiliwa Kenya huanza na 616, kwa hiyo tarakimu 13 zikiangukia kwenye kisanduku cha pesa, lazima upate trilioni sita. Skana imefanya kazi yake sawasawa.

Jambo la pili, na hili makeshia wengi hawaambiwi: ule mlio wa *tiiit* unatoka kwenye skana yenyewe. Maana yake ni "nimesoma bakodi". Haimaanishi "programu imepokea". Itakulilia hata ukiwa umefungua barua pepe.

FundiWaKaunta

Mzee, hilo la mlio limenikaa. Miaka mitatu nimekuwa nikidhani mlio ni wa programu. Kumbe wale makeshia wanasema kweli na stoo nayo inasema kweli.

BintiWaSwing (Ngara)

Kaka, maswali matatu kabla sijasema kitu. Upungufu unatokea saa zozote au kuna saa zake? Malipo ya simu unayaonyeshaje kwenye skrini? Na tuwekee huo msimbo hapa, usituhadithie.

FundiWaKaunta

Dada, saa ni jioni, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu, na mwisho wa mwezi ndiyo balaa. Asubuhi hesabu iko safi.

Malipo: mteja akisema M-Pesa, ombi linakwenda kwenye simu yake, anaweka PIN. Kuna anayechelewa, simu iko ndani ya mkoba, ndani ya mkoba mwingine. Basi keshia anaegesha ile bili kando na kuanza kumhudumia anayefuata. Uthibitisho ukifika kwenye seva, programu inapata habari na kumjulisha keshia hivi:

```
SwingUtilities.invokeLater(() ->
    JOptionPane.showMessageDialog(dirishaKuu,
        "Malipo yamefika: KSh " + kiasi));
```

Hii invokeLater niliweka kwa sababu habari inakuja kwa uzi wa mtandao (uzi ni mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu), na vitu vya Swing vinapaswa kuguswa na uzi wa matukio peke yake. Hapo nadhani niko sawa?

BintiWaSwing

Kwenye uzi uko sawa kabisa. Mwizi wako ni huo mstari wa JOptionPane, wala usiende mbali.

Fuatana nami polepole. Wakati wowote, ni kitu kimoja tu kwenye skrini kinachopokea vibonyezo vya kibodi. Hicho ndicho chenye fokasi. Keshia anapoanza bili ya mteja wa pili, fokasi iko kwenye kisanduku chako cha BAKODI. Malipo ya mteja wa kwanza yanafika. Kidirisha kinafunguka, na kwa kuwa kinalizuia dirisha lililo chini yake, fokasi inahamia kwenye kitufe chake cha OK. Sekunde hiyohiyo keshia, ambaye macho yake yako kikapuni, anaskani sabuni. Tarakimu 13 zinamwagika juu ya kitufe. Kitufe hakina kazi na tarakimu, kinazitupa. Kisha inafika ile Enter ya skana. Enter kwenye kidirisha cha JOptionPane ni kubonyeza OK. Kidirisha kinajifunga, fokasi inarudi kwenye BAKODI. Keshia amesikia tiiit, sabuni iko mfukoni mwa mteja. Kwenye skrini hakuna kosa, hakuna kidirisha, na hakuna sabuni.

Hesabu yake ni bidhaa moja kwa kila malipo yanayofika keshia akiwa anaskani. Asubuhi hakuna foleni, hakuna bili zilizoegeshwa, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Na mwambie mwenye duka kwamba hakuna mwizi wa kuiba kiberiti kimoja kimoja kwa miaka mitatu.

Ukitaka ushahidi wa kumpelekea, tazama logi zako (kumbukumbu za programu) utafute bakodi ndefu kupita kiasi. Kidirisha kikifunguka katikati ya skani, nusu ya tarakimu zimeshaingia kisandukuni na nusu zinaangukia kidirisha. Ile nusu ya kwanza inabaki pale, na skani inayofuata inajiunga nayo.

FundiWaKaunta

Nimetoka kwenye logi sasa hivi, mikono inatetemeka. Katika miezi miwili kuna 11. Moja ina tarakimu 22: tisa za mwanzo zinalingana na unga tunaouza, 13 zilizobaki ni maziwa kamili. Programu ilijibu "Bidhaa haipo", keshia akafuta, akaskani maziwa upya. Unga ukaenda nyumbani bure.

Nilikuwa nikiziona hizo na kudhani ni skana inachoka.

MkuuWaTabata (Dar)

Mkuu, hii mbona nyepesi. Weka Timer, kila milisekunde 200 iite requestFocus kwenye kisanduku cha bakodi. Fokasi ikitoka, inarudi yenyewe. Mimi nimefanya hivyo kwenye programu ya hospitali moja na inakwenda.

BintiWaSwing

Mkuu wangu wa Dar, kwa heshima zote, hapo umemfukuza mwizi mmoja ukaajiri mwingine wa kudumu. Keshia akitaka kuandika jina la mteja wa deni, atapata herufi mbili, ya tatu itakwenda BAKODI. Akifungua orodha ya kuchagua aina ya malipo, itajifunga usoni mwake. Na kidirisha kile kikiwa wazi, Timer yako haitafua dafu, maana dirisha lililozuiwa halipewi fokasi hata uombe vipi.

Halafu hiyo requestFocus yenyewe, nyaraka za Java zinashauri tuiache tutumie requestFocusInWindow. Ya kwanza inaweza kuliburuta dirisha zima mbele, na tabia yake inabadilika kati ya mfumo mmoja na mwingine. Ya pili inahamisha fokasi ndani ya dirisha ambalo tayari linatumika, basi. Na zote mbili ni maombi, si amri. Ukiita mstari mmoja kisha mstari unaofuata ukauliza fokasi iko wapi, utajibiwa iko palepale pa zamani, kwa sababu tukio bado liko kwenye foleni. Niliwahi kupoteza wikendi nzima kwa kutokujua hilo.

Windows yenyewe ilishachoshwa na programu za kujirusha mbele. Tangu Windows 98 na Windows 2000, programu iliyo nyuma ikiomba kuja mbele wakati wewe unachapa kwingine, mara nyingi kitufe chake kule chini kinametameta tu. Lakini hiyo ni kinga dhidi ya programu za jirani. Dhidi ya kidirisha ulichokifungua wewe mwenyewe ndani ya programu yako, haikusaidii.

MkuuWaTabata

Sawa dada, nimekuelewa. Ila ya hospitali naiacha kwanza, wameizoea 😅

MkaaziWaOldTown (Mombasa)

Samahani kwa kuingilia. Hili neno "fokasi" limeandikwa humu kama kwamba ni Kiswahili cha babu zetu. Hakuna neno jingine? Zingatio? Kitovu?

MzeeWaLuthuli

Shekhe, ukimwambia keshia wa Umoja "zingatio limehama" atakuuliza limehamia estate gani. Wao wenyewe wanasema "kale kamstari hakako". Wana maana ya kile kimstari kinachopepesa ndani ya kisanduku. Kwangu mimi hiyo ndiyo tafsiri bora kuliko zote.

MkaaziWaOldTown

Kamstari. Haya, nimenyamaza.

FundiWaKaunta

Wadau, jana jioni nilikwenda nikakaa nyuma ya kaunta kuanzia saa kumi na moja na nusu. Kabla ya hapo niliweka msikilizaji kwa KeyboardFocusManager (msimamizi wa fokasi wa Java), kwenye ile sifa ya "focusOwner", anaandika kwenye faili kila fokasi inapohama na saa yake. Mistari mitano tu ya msimbo. Ningekuwa nayo tangu mwaka wa kwanza, ningekuwa nimelala usingizi.

Nilimtazama yule dada akifanya kazi. Mkono wa kushoto unavuta bidhaa, wa kulia umeshika skana, macho hayatoki kikapuni. Kwa dakika kumi hakutazama skrini hata mara sita. Saa moja na dakika kadhaa, mteja mmoja alikuwa akihangaika na PIN pembeni, bili yake imeegeshwa. Nyuma yake mama na mtoto, kikapu kimejaa. Keshia anaskani: tiiit, tiiit, tiiit. Mimi nimekodoa macho kwenye skrini. Kidirisha kikatokea, nikafungua mdomo nisome kilichoandikwa, tiiit, kikapotea. Nusu sekunde, labda chini ya hapo. Mafuta ya kupaka ya mtoto yakaenda mfukoni, kwenye risiti hayamo.

Nilimsimamisha, nikamwonyesha. Akanitazama, akasema, "Kwa hiyo si mimi." Nikamwambia si wewe, ni mimi.

Nimewaza niondoe kidirisha kabisa na kuweka ukanda wa taarifa chini ya dirisha kuu, uandike "Malipo yamefika" na kugeuka rangi ya kijani. Hauhitaji fokasi. Mnaonaje?

BintiWaSwing

Ndiyo kabisa. JLabel yenye setText, fokasi haijui hata kama kuna kilichotokea. Ukitaka lazima kiwe kidirisha kinachoelea, kiite setFocusableWindowState(false) kabla ya kukionyesha, kitaonekana bila kuchukua kibodi. Hiyo ipo tangu Java 1.4 ya mwaka 2002, toleo lilelile lililoleta KeyboardFocusManager. Java 7 ikaongeza setAutoRequestFocus(false), yenyewe inasema tu "ukifunguka usiombe fokasi", lakini mtu akibofya ndani anaipata.

Bado una kisa cha trilioni. Hicho hakina kidirisha. Pale fokasi ilikuwa mahali pake halali, keshia ndiye aliyeipeleka kwa F8, na maziwa yakaja kwa kuchelewa. Kwa hiyo inabidi programu itambue kwamba hivi vibonyezo ni vya skana na ivipeleke kwenye bili popote fokasi ilipo. Swing ina mlango wa hilo: KeyEventDispatcher. Inaona kila kibonyezo kabla hakijafika kwa mwenye fokasi.

Kijana_wa_Kayole

Na itajuaje kuwa ni skana? Mzee amesema kompyuta inaona kibodi tu.

MzeeWaLuthuli

Njia tatu nimeziona madukani.

Ya kwanza ni saa. Skana inachapa herufi kila milisekunde chache, binadamu hafiki huko. Tatizo, kuna mtu anabonyeza kitufe na kukishikilia, Windows inakirudia mpaka karibu mara 30 kwa sekunde, na ukiweka mpaka wako vibaya unamkamata yeye. Halafu kompyuta za maduka yetu zina kumbukumbu ya gigabaiti mbili na kirusi kimoja. Siipendi njia hii.

Ya pili ni alama ya mwanzo. Ule mwongozo unaokuja na skana, ambao watu wanautupa na boksi, umejaa bakodi za kuipanga skana yenyewe. Unaskani ya "anza kupanga", unaskani ya kianzio, unachagua herufi ambayo hakuna keshia anayeiandika, unaskani "maliza". Tangu hapo kila skani inaanza na herufi hiyo na kuisha na Enter. Programu ikiiona, inajua.

Ya tatu ndiyo ya watu wazima: unaigeuza skana iache kuwa kibodi kabisa, ijitokeze kama poti ya COM, yaani njia ya data ambayo programu inaisoma yenyewe. Fokasi haihusiki tena, unasoma poti kama unavyosoma mizani. Shida yake ndogo ni kwamba keshia akiihamisha USB kwenye tundu jingine, Windows huenda ikaipa namba nyingine ya COM, halafu unapigiwa simu Jumapili.

FundiWaKaunta

Simu za Jumapili ninazo za kutosha. Nachukua kianzio.

*(siku iliyofuata)*

Nimeweka KeyEventDispatcher. Ikiona kianzio inaanza kukusanya, inarudisha true ili kisanduku kisipate kitu, ikifika Enter inapeleka namba kwenye bili. Ajabu: bidhaa inaingia kwenye bili vizuri, LAKINI tarakimu zilezile bado zinajiandika kwenye PESA TASLIMU. Nimemaliza chai ya thermos nzima.

BintiWaSwing

Unakamata KEY_PRESSED tu, sivyo? Kila kibonyezo cha herufi ni matukio matatu: KEY_PRESSED, KEY_TYPED, KEY_RELEASED. Kisanduku cha maandishi hakiandiki kwa KEY_PRESSED, kinaandika kwa KEY_TYPED. Umemkamata ndugu mkubwa, mdogo akapita chini ya mkono. Ukiwa katika hali ya kukusanya, rudisha true kwa yote matatu, ila herufi ikusanye kwenye KEY_TYPED peke yake ili usiihesabu mara mbili.

Na ukifika mwisho, hakiki tarakimu ya 13. Kwenye EAN-13 (hiyo bakodi ya tarakimu 13) zile 12 za mwanzo unazidisha kwa 1 na 3 kwa zamu, unajumlisha, na ya 13 ndiyo inayofikisha jumla kwenye kumi kamili. Nusu bakodi iliyounganishwa na nyingine haitapita hapo.

FundiWaKaunta

KEY_TYPED. Mungu akubariki. Imekaa.

MasikioKwanza (South B)

Nimesoma uzi wote, au niseme nimeusikiliza, maana mimi sioni. Natumia NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, ile ya bure aliyoianza Michael Curran huko Australia mwaka 2006, yeye naye haoni. Ninyi mnaongea kuhusu fokasi kama kitu cha keshia kuandikia. Kwangu mimi fokasi ni kidole. Pale ilipo ndipo nilipogusa, na NVDA inanisomea kilicho chini ya kidole hicho.

Kwenye tovuti mambo ni yaleyale kwa sura nyingine. Desemba nilikuwa nakata tikiti ya basi kwenda Kisumu. Nimechagua kiti, nikabonyeza "Endelea". Kimya. Aliyeitengeneza aliliondoa lile fungu lote la viti, pamoja na kitufe nilichokuwa nimesimama juu yake, akaweka fungu la malipo mahali pake. Kitufe chenye fokasi kikiondolewa kwenye ukurasa, kivinjari hakina pa kuiweka, document.activeElement (kile chenye fokasi) inakuwa body, yaani ukurasa mzima. Ni kama kushuka ngazi gizani ukakuta ya mwisho imeng'olewa. Nikaanza kutafuta upya: nembo, menyu, ingia, jisajili, matangazo. Nilipofika kwenye malipo muda wa kushikilia kiti ulikuwa umekwisha.

Dawa yake ni mistari miwili. Kichwa cha fungu jipya kipe tabindex="-1", kisha ukiite focus(). Hiyo -1 inakiruhusu kipokee fokasi kwa msimbo bila kukiingiza kwenye mzunguko wa Tab. Msiweke namba chanya kama 1, 2, 3: hizo zinaruka mbele ya kila kitu kingine kwenye ukurasa na mpangilio unavurugika. Na yule anayeandika outline: none kwa sababu bosi hapendi ule mstari wa bluu unaozunguka chenye fokasi, basi aweke alama nyingine kwa :focus-visible. Huo mstari mimi siuoni, lakini jirani yangu mwenye mikono inayotetemeka haukosi. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na watu wenye ulemavu, inataka hivyo kwenye kipengele 2.4.7, na toleo 2.2 la Oktoba 2023 likaongeza 2.4.11, kwamba chenye fokasi kisifunikwe kabisa na vitu vingine kama vile upau ulioganda juu au chini ya ukurasa. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inataja haki ya mtu mwenye ulemavu kufikia habari.

Sasa FundiWaKaunta, nina ugomvi nawe kidogo. Umeondoa kidirisha, umeweka ukanda wa kijani. Kwa keshia wako ni sawa. Kama keshia angekuwa mimi, fokasi haijahama, NVDA haina la kusema. Nitajuaje pesa zimefika?

FundiWaKaunta

Kaka, umenishika. Sikuwaza.

BintiWaSwing

Kwenye tovuti ungeuwekea ukanda role="status", msomaji wa skrini anautamka bila kuigusa fokasi. Kwenye Swing hakuna kitu chepesi kama hicho. NVDA yenyewe inaisoma Java kupitia Java Access Bridge, ambayo inakuja na Java lakini lazima iwashwe kwa `jabswitch -enable`, na hata ikiwashwa, JLabel iliyobadilika kimyakimya haitangazwi.

Mimi ningetumia sauti. Na kusema kweli sauti ingemfaa hata keshia anayeona. Umetuambia mwenyewe kwamba hakutazama skrini hata mara sita kwa dakika kumi. Huo ukanda wa kijani anauona nani?

MasikioKwanza

Ndiyo hapo. Ila sauti isifanane na tiiit ya skana, tafadhali.

Kijana_wa_Kayole

Weka sauti ya kondakta: "Beba beba beba!"

FundiWaKaunta

*(wiki tatu baadaye)*

Nimerudi kutoa ripoti.

Kidirisha cha malipo hakipo. Malipo yakifika, ukanda unageuka kijani na unalia mlio mzito wa sauti mbili, ya chini kisha ya juu. Ubishi ulikuwa ni upi uwe mlio, makeshia wenyewe ndio waliochagua. Na nimeongeza mlio wa tatu, mfupi, ambao ni wa programu: unalia bidhaa ikishaingia kwenye bili. Kwa hiyo sasa skana inasema *tiiit* na programu inajibu *tok*. Siku ya pili tu keshia alisimama katikati ya kazi akasema, "Hii haikujibu." Kweli, namba ilikuwa imefika na kasoro, tarakimu ya 13 haikulingana, programu ikaikataa. Zamani angeendelea.

Nikiwa hapohapo nilikuta uchafu wangu mwingine. Kwenye PESA TASLIMU nilikuwa nimeweka InputVerifier inayokataa kisanduku kitupu. Keshia akiingia kwa bahati mbaya hawezi kutoka, hata kitufe cha GHAIRI hakibofyeki, kwa sababu Swing inauliza kwanza kama kisanduku kinakubali kuachia fokasi. Walikuwa wanaandika 1 ili watoke! GHAIRI nimeipa setVerifyInputWhenFocusTarget(false) na imekuwa mlango. Nilipowauliza kwa nini hawakuniambia, wakasema walidhani ndivyo inavyotumika.

Hesabu ya stoo tulifanya juzi usiku mpaka saa tano. Upungufu upo, pakiti mbili za sukari, na zote tumezijua: panya. Mwenye duka alimwita yule dada pembeni wakaongea, sikusikiliza. Leo yuko kaunta ya kwanza.

Kilichobaki ni skana ya akiba iliyo kwenye droo. Haina kianzio, na siku ile nyingine ikianguka wataichomeka tu na kuendelea. Mzee wa Luthuli, ule mwongozo wake nao tulitupa na boksi. Una nakala?

MzeeWaLuthuli

Ninazo mbili. Niambie modeli iliyoandikwa chini ya mshiko, halafu upite kabla ya saa kumi, leo nafunga mapema.